Loch Ryan: mkono wa bahari unaozificha feri za Scotland, na mlango wake unaotazama kaskazini

Haya jamani, habari za jioni, wazee wangu shikamooni, na nyie vijana mliokaa kule nyuma sogeeni mbele kidogo, viti vipo. Nashukuru sana kwa kuitwa. Nimeombwa niongee juu ya bandari za asili, yaani zile ambazo Mungu mwenyewe kaziumba kabla ya mtu kuleta zege na kreni, na mimi nikaona nisizungumze bandari kumi nusu nusu, nichukue moja tu niifungue mpaka ndani. Inaitwa Loch Ryan, iko Scotland, na usiku na mchana feri kubwa kubwa zinaingia na kutoka pale kwenda Ireland ya Kaskazini na kurudi. Naipenda hiyo sehemu kwa dhati, na kuna kitu ndani yake kinaniuma, vyote viwili nitawaambia.

Sasa mwenye simu afungue ramani. Tafuta Scotland, shuka chini mpaka pembe ya kusini magharibi kabisa, utaona nchi kavu imechomoza baharini kama kichwa cha nyundo. Hiyo ndiyo Rhins of Galloway. Ukiangalia vizuri kile kichwa cha nyundo kimekaribia kukatika, kwa sababu kusini bahari imeingia ikafanya Luce Bay na kaskazini imeingia ikafanya huu mkono wetu, Loch Ryan, katikati imebaki shingo ya ardhi ya chini tu, tambarare. Mkono wenyewe una urefu kama kilomita 13, upana kwenye sehemu pana ni kama kilomita 4. Mwisho wa ndani kabisa uko mji wa Stranraer, pembeni mashariki kuna kijiji kinaitwa Cairnryan, na mdomo wa huo mkono unafunguka upande wa kaskazini, kaskazini magharibi hivi. Naomba hilo la upande wa mdomo mlishike, maana mambo mengi nitakayosema yanazunguka hapo hapo.

Ng'ambo ya maji ni Ireland. Na siyo mbali kabisa, kutoka Portpatrick, kijiji kilichoko upande wa nje wa ile nyundo, mpaka Donaghadee upande wa Ireland ni kama kilomita 34, siku ya hewa safi unaiona nchi ya pili kwa macho yako. Kwa hiyo watu wameanza kuvuka pale tangu zamani sana, na hata yule mwanajiografia Ptolemy karne ya pili alishaiandika ile ghuba kwenye kazi zake, akaiita Rerigonius Sinus. Kwa maana hiyo pale ni pahali pa meli tangu zama za Warumi.

Lakini kitu cha ajabu ni kwamba kwa miaka mingi sana safari rasmi za Ireland, za barua za serikali na abiria na ng'ombe, hazikuwa zinatoka Loch Ryan. Zilikuwa zinatoka Portpatrick, huko nje. Na ukiwaza kwa haraka unaona ni akili, ndiyo njia fupi kuliko zote, nahodha wa meli ya tanga anataka akae kwenye maji mabaya muda mchache iwezekanavyo. Ila tatizo ni upepo. Kule upepo unaotawala mwaka mzima unatoka kusini magharibi, unakuja umejaa nguvu, na Portpatrick imekaa uso kwa uso nao, hapo karibu hakuna kisiwa wala rasi ya kuukata, kuna majabali tu na tundu dogo katikati ambalo nahodha anatakiwa ajipenyeze humo huku mawimbi yanamsukuma mgongoni.

Wakajaribu kuitengeneza. Na siyo mafundi wa mtaani, walikuja wakubwa kabisa wa uhandisi wa Uingereza wa wakati ule. John Smeaton, huyu wa mnara wa taa wa Eddystone, alijenga gati pale karne ya 18. Bahari ikala. Akaja John Rennie, huyu wa madaraja ya London, miaka ya 1820 ikaanza kazi kubwa zaidi, kuta mbili za mawe za kuikumbatia bandari, pesa nyingi za serikali zikamiminwa, na dhoruba zikawa zinabomoa kwa kasi ya kujenga, mwishowe kazi ikaachwa. Mwaka 1849 barua zikahamishwa kutoka pale, Portpatrick ikabaki na kuta zake. Leo ukienda ni kijiji kizuri sana, watu wanakula samaki wakiangalia jua linazama, lakini mimi kila nikiangalia yale mawe naona watu werevu waliopambana na upepo uleule kwa miongo na upepo ukawashinda, na huku nyuma ya kilima, upande wa pili wa ileile nyundo, maji yametulia tuli bila mtu kumwaga hata jiwe moja.

Maana yake ni hii: ule mgongo wa Rhins ndio ukuta. Upepo wa kusini magharibi ukija unapanda vilima vile, unapita juu, na ndani ya Loch Ryan unakuta maji yana mikunjo midogo tu wakati huko nje bahari inachemka. Nimesimama pale ufukweni siku ambayo miti ilikuwa imeinama yote upande mmoja na feri iko gatini haijatikisika hata kidogo, malori yanashuka rampu moja moja kama vile wako kwenye maegesho ya supamaketi. Huo ukuta hakuna serikali ingeweza kuujenga.

Basi reli ilipofika Stranraer 1861 mambo yakageuka. Mwaka 1862 meli za stimu zikaanza kuvuka Stranraer kwenda Larne, upande wa Ireland, biashara ya kwanza ikafa haraka, ikarudi tena 1872 na safari hii ikashika. Ikawa treni inakuja mpaka juu ya gati lenyewe, abiria anatoka behewani anatembea hatua chache anapanda meli, na mji mzima wa Stranraer ukawa unaishi kwa hiyo. Watu wa mahoteli, wapagazi, mabaharia, makarani, mafundi, familia baada ya familia, babu yuko melini na baba yuko melini na mtoto naye anasubiri umri ufike. Mji wa namna hiyo mnaujua, hamhitaji maelezo.

Sasa kuna dada hapa mbele kabla hatujaanza aliniuliza je ule mkono ni wa kina kirefu, maana amesoma kwamba zile loch za Scotland, yaani mikono ya bahari kama huu, ni shimo. Swali zuri sana. Nyingi ni hivyo kweli, barafu ya zamani ilichimba mabonde, bahari ikaingia, unakuta kina kirefu mpaka karibu na ukingo. Loch Ryan haiko hivyo, na hasa huku mwisho kwa Stranraer ni maji mafupi, mchanga na tope, maji yakipwa unaona fungu limeachwa wazi. Pazuri kwa ndege na kwa chaza, kwa meli kubwa pagumu. Kina kizuri kiko upande wa mashariki, Cairnryan, na kinazidi kuwa kizuri unavyosogea kuelekea mdomoni. Kwa hiyo unapata mvutano ambao hauishi: ukiingia ndani sana unapata utulivu lakini maji yanakuishia, ukitoka nje unapata maji ila unausogelea mlango. Historia yote ya feri pale ni huo mvutano, na mtaona jinsi bandari ilivyokuwa inahama kidogo kidogo kadiri meli zilivyokua.

Walioligundua hilo la Cairnryan kwa vitendo ni wanajeshi. Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani wanapiga mabomu bandari za Uingereza, London, Liverpool, serikali ikaogopa kwamba siku moja itakosa pa kushushia mzigo. Wakaamua kujenga bandari mbili za kijeshi mbali na ndege za adui, namba moja ikawa Faslane, namba mbili ikawa Cairnryan. Kijiji cha wavuvi kikapata magati marefu, kreni, reli yake, maelfu ya askari. Na kwenye maji yaleyale, upande wa magharibi kwenye ghuba ndogo inaitwa Wig Bay, zikawa zinatua ndege za majini, zile zinazotua kwa tumbo, wazee wa Kisumu na Mombasa na Dar wanazikumbuka au walisimuliwa na wazazi wao maana njia ya ndege hizo kutoka Uingereza ilipita kwetu miaka ya 1930. Churchill mwenyewe Juni 1942 aliondokea Stranraer kwa ndege ya namna hiyo kwenda Marekani kuonana na Roosevelt. Anapanda ndege usiku kwenye maji ya Loch Ryan anavuka Atlantiki, kwa sababu maji ya pale yanaruhusu chombo kizito kukimbia juu yake bila kupigwa na wimbi.

Vita ilipoisha nyambizi za Wajerumani zilizojisalimisha zikaletwa pale zikafungwa safu safu. Wakubwa wakakubaliana zizamishwe. Kati ya nyambizi 116 zilizozamishwa kwenye ile operesheni, 86 zilitolewa Loch Ryan, kuanzia Novemba 1945 mpaka mwanzoni mwa 1946, zikavutwa na tagi, zile meli ndogo za kuvuta meli nyingine, moja moja kwenda baharini kaskazini magharibi ya Ireland. Na hapa tena angalia kilichotokea: mle ndani ya loch zimekaa miezi zimetulia, zimetoka tu nje katika bahari ya majira ya baridi, kamba zikaanza kukatika, na karibu nusu ya zile 116 zilizama zenyewe njiani kabla hata ya kufika pale zilipopangiwa. Mabomu na risasi zilizobaki nazo zilipakiwa Cairnryan zikaenda kutupwa kwenye Beaufort's Dyke, lile korongo refu la chini ya bahari katikati ya njia ya feri, zaidi ya tani milioni moja ziko kule chini mpaka leo, na mwaka 1995 mabomu ya fosforasi yakaanza kutupwa ufukweni watoto wanayaokota. Hilo nalipita haraka lakini linanikera, yaani mtu anageuza mlango wa bahari unaopitisha abiria kila siku kuwa jalala la baruti kwa sababu tu ni kirefu na hakuna anayeona.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sikutaka kuja hapa nisiliseme.

Kulikuwa na feri inaitwa Princess Victoria. Ilijengwa na William Denny kule Dumbarton, ikaanza kazi 1947, ikachukua nafasi ya nyingine ya jina hilohilo ambayo iliingia kazini 1939 na ikalipuliwa na bomu la majini 1940. Ilikuwa kati ya feri za mwanzo kabisa kule Uingereza zilizojengwa kwa ajili ya gari kuingia lenyewe kwa kuendeshwa kupitia mlango wa nyuma, tezini, hizi ambazo leo tunaziita roro na tunaona kawaida. Wakati ule ilikuwa kitu kipya cha kujivunia. Mlango wa tezi ulikuwa mabamba mawili ya chuma, urefu wake kimo cha mtu tu, juu kuko wazi. Kulikuwa na mlango mwingine wa kushushwa kutoka juu, lakini ulikuwa unachukua muda, kwa hiyo kwa kawaida haukutumika.

Jumamosi, tarehe 31 Januari 1953, saa mbili kasorobo asubuhi, ikang'oa nanga Stranraer kwenda Larne ikiwa na watu zaidi ya 170. Nahodha alikuwa James Ferguson, mtu mzoefu wa njia ile. Tahadhari ya dhoruba ilikuwa imetolewa. Na hapa ndipo ule upande wa mdomo unapoingia: dhoruba ya siku ile haikutoka kusini magharibi. Ilitoka kaskazini na kaskazini magharibi, ni dhoruba ileile ambayo usiku wake iliisukuma Bahari ya Kaskazini ikafurika ikaua watu zaidi ya elfu mbili Uholanzi na Uingereza. Yaani upepo ulikuwa unapuliza moja kwa moja kuelekea kwenye mdomo wa Loch Ryan. Ule ukuta wa Rhins uliokuwa unawalinda miaka yote siku hiyo ulikuwa umekaa pembeni tu hauna kazi.

Ndani kule Stranraer, kilomita 13 kutoka mdomoni, mtu gatini hawezi kujua ukubwa wa kinachomsubiri, kwa sababu maji mafupi na urefu wa mkono wenyewe vinapunguza wimbi. Meli ikatoka, ikapita Corsewall Point penye ule mnara wa taa wa Robert Stevenson, ikakutana na bahari yenyewe. Haikuchukua muda wimbi likapiga tezini likaupinda mlango. Maji yakaingia kwenye sitaha ya magari. Mabaharia wakajaribu kuufunga, haukufungika, chuma kilishapinda.

Nahodha akataka kurudi ndani ya loch, ambayo iko pale pale, anaiona. Lakini ukigeuza meli ili uingie, unampa adui mgongo, na mgongo ndio umevunjika. Akasema basi nirudi kinyumenyume, omo, yaani mbele ya meli, ikae kwenye wimbi, na meli ile ilikuwa na usukani wa mbele kwa kazi kama hiyo ya kurudi nyuma, ila pini ya kuufungua iko kwenye sitaha ya omo na wimbi linafagia pale, wale mabaharia waliotumwa hawakuweza kuifikia. Kwa hiyo lango la usalama liko wazi nyuma yake na hana jinsi ya kulipita. Akabaki na njia moja, aelekee Ireland kwa upande ambao tezi itapigwa kidogo, na huku maji yanazidi, matundu ya kutolea maji sitahani ni machache na madogo, mzigo ukahamia kulia, meli ikaanza kulala.

Saa nne kasoro dakika 14 ujumbe wa kwanza ukatoka, kwamba wako nje ya mdomo wa Loch Ryan, meli haiongozeki, wanaomba tagi haraka. Aliyekuwa kwenye redio ni David Broadfoot. Huyu mtu alikaa pale kwenye kile chumba kilichoinama anapiga Morse tangu asubuhi mpaka dakika mbili kabla ya saa nane mchana, hakutoka, alijua kwamba akitoka hakuna atakayewapata. Alizama na meli. Wakampa George Cross, nishani kubwa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Hawakuwa na rada, na wakati manowari Contest na mashua ya uokoaji ya Portpatrick zinawatafuta karibu na pwani ya Scotland, meli ilikuwa imesogea mpaka upande wa Ireland, ikazama karibu na Copeland Islands, wanaona nchi kavu. Mashua ya uokoaji ya Donaghadee, Sir Samuel Kelly, ikaokota watu 33. Jumla waliopona ni 44. Waliokufa ni zaidi ya 130, kati yao Maynard Sinclair aliyekuwa naibu waziri mkuu wa Ireland ya Kaskazini, na mbunge Walter Smiles. Wanawake na watoto walipewa mashua ya kwanza kama inavyotakiwa, na bahari ikaipiga ile mashua kwenye ubavu wa meli. Hakuna mwanamke wala mtoto hata mmoja aliyefika nchi kavu akiwa hai.

Samahani, nipe dakika moja ninywe maji.

Sisi wenye Bukoba ya 1996 na Spice Islander ya 2011 hatuhitaji mtu atufundishe maana ya siku kama ile kwa miji midogo ya pwani. Kule Stranraer na Larne mpaka leo kila Januari wanasimama kwenye minara ya kumbukumbu. Uchunguzi uliofanyika Belfast ulisema wazi kwamba mlango wa tezi haukuwa imara na njia za kutolea maji hazikutosha, na kwamba wenye meli walitakiwa wajue, maana kabla ya hapo, 1951, maji yalishaingia kwenye sitaha ileile na yakachelewa kutoka. Mimi hilo ndilo linaloniuma. Meli ilikuwa imejengwa kama vile ni kwa ajili ya maji ya ndani ya Loch Ryan tu na wakaiendesha kwenye bahari ya nje. Kwa sababu nyumbani pametulia, watu wakazoea, mlango wa pili ukawa haushushwi kwa sababu unachelewesha, na siku zote ikawa sawa mpaka siku upepo ulipokuja kutoka upande ule mwingine.

Haya, tuendelee, maana maisha ya pale hayakuishia hapo.

Mwaka 1973 ikaanza safari nyingine kutoka Cairnryan kwenda Larne, wakitumia pale walipokuwa wanajeshi. Ukiwa Cairnryan umeshapunguza nusu ya ule mwendo wa taratibu ndani ya loch, na una kina. Kipindi hichohicho sehemu ya lile gati la vita ikawa inakata meli chakavu, hata zile manowari kubwa za kubeba ndege, Eagle na Ark Royal, miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 zilikuja kukatwa pale vipande vipande, unajiuliza chombo kikubwa vile kilipitaje, kilipita kwa sababu upande ule kina kipo.

Stranraer wao wakabaki kule ndani na hawakukata tamaa. Mwaka 1996 ikaletwa Stena Voyager, hii ilikuwa ni mnyama wa aina yake, yenye matumbo mawili, injini za gesi kama za ndege, inabeba watu 1,500 na magari 375, inakimbia noti 40, yaani kama kilomita 74 kwa saa. Watu wakaona huu ndio wakati wetu. Lakini ndani ya loch haikuruhusiwa kukimbia, mawimbi yake yangeharibu fukwe na kuangusha watu, kwa hiyo mashine ya noti 40 inatambaa kilomita zote zile kabla ya kufunguliwa mdomoni, na mafuta inayokunywa ni balaa, bei ya mafuta ilipopanda hesabu ikakataa. Novemba 2011 ikasimamishwa, na kampuni yake, Stena, ikahamisha kila kitu kwenda Old House Point, kaskazini ya Cairnryan, karibu zaidi na mdomo, bandari mpya kabisa, na meli mbili za mita 200 na kitu kila moja, Superfast VII na VIII, zinazokwenda Belfast kwa saa mbili na robo hivi. Upande wa Larne kampuni nyingine ya feri, P&O wanaenda kama saa mbili.

Kwa hiyo mkiiweka kwenye ramani: Portpatrick nje, Stranraer ndani kabisa, Cairnryan katikati, Old House Point kuelekea mdomoni. Miaka 160 bandari imetembea, imeingia ndani kutafuta utulivu halafu imeanza kutoka tena kutafuta kina. Na kila ilipohama kuna mji uliobaki. Stranraer ilikuwa na feri karibu miaka 150, ghafla asubuhi moja hakuna, stesheni ya treni bado iko juu ya gati, inaangalia maji, treni inafika na hakuna meli ya kuunganisha. Nimeongea na watu pale, hasira hawana sana, wana ile hali ya mtu ambaye kazi ya ukoo imekatika mkononi mwake. Na mimi nasema wazi, uamuzi wa kuhama kimeli ulikuwa sahihi, meli za saizi ile hazina kazi mwisho wa maji mafupi, ila waliofaidika na Stranraer kwa miaka yote hiyo walitakiwa waache kitu zaidi ya lami tupu ya maegesho.

Wenyewe wamerudi kwenye chaza. Hili ni jambo zuri sana na wengi hawalijui. Chini ya maji yaleyale ya Loch Ryan kuna fungu la chaza wa asili, ndiyo sehemu pekee Scotland inayovua chaza wa asili wa mwituni kibiashara, na haki ya kuwavua ilitolewa kwa hati ya Mfalme William wa Tatu mwaka 1701 kwa ukoo wa Wallace, na hati inafanya kazi mpaka leo. Wanavua kuanzia Septemba mpaka Aprili, wadogo wanarudishwa majini wakue. Tangu 2017 mji unafanya tamasha la chaza pale ufukweni na watu wanajaa. Kile kilichoifukuza feri, maji mafupi na tope la kusini, ndicho kinachowafaa chaza.

Na feri zenyewe jamani msizione ni za watalii. Kinachovuka pale ni chakula, dawa, vipuri, mifugo, malori usiku kucha kwenye barabara za A75 na A77 ambazo ni nyembamba kiasi kwamba watu wa huko wanapiga kelele kila mwaka zipanuliwe na wana haki. Njia ile ikisimama siku mbili, maduka ya Ireland ya Kaskazini yanasikia.

Bahari ya nje nayo bado ni ileile. Desemba 2018 feri European Causeway ikitoka Larne kuja Cairnryan alfajiri, hali mbaya, ikayumba vibaya, malori tisa yakaanguka ubavu kwenye sitaha ya magari, na kuna madereva walikuwa wamelala ndani ya malori yao, kinyume cha sheria, kwa uchovu. Wengine walinasa mpaka wakaja kutolewa na waokoaji. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Feri ya leo ina milango ya nguvu, ina rada, kamera, ina kila kitu, lakini lori lililofungwa minyororo kizembe kwa sababu gatini pametulia ni tabia ileile ya 1953. Manahodha wa leo wanaijua ile hadithi vizuri, upepo wa kaskazini magharibi ukiwa mkali wanaahirisha safari, abiria wanalalamika kwenye simu zao kwamba mbona hapa maji yametulia hivi. Waacheni wakae. Kilomita chache mbele hayajatulia.

Ndugu yangu pale kaniuliza kama mtu anaweza kwenda kuona bila gari. Inawezekana kabisa, treni ya kupitia Ayr inafika mpaka Stranraer, ukishuka tembea mpaka Agnew Park, kuna kumbukumbu ya Princess Victoria pale, halafu panda basi la kuelekea Ayr linafuata ukingo wa maji kupitia Cairnryan, kaa upande wa kushoto. Utaona magati yote mawili, na kama una bahati utakuta meli moja inaingia na nyingine inatoka, zinapishana kwenye mdomo. Chukua koti la mvua hata kama ni Julai. Haya, nani mwingine ana swali?